Mchuchumio wa Stoo

Haya yalimpata shoga wa dada yangu, mcheza dansi tuliyemzoea kwa jina la Njiti, nami nasimulia nilivyosimuliwa. Onyesho lilikuwa kesho yake, na alitakiwa kucheza na viatu vya mchuchumio, kisigino kirefu kama kalamu. Vyake havikufika, basi akaazimwa vya zamani kutoka stoo ya ukumbi. Vilimkaa kama alipimiwa yeye.

Mchana huo mwalimu wake alimwaga unga wa chaki kwenye sakafu ya chumba cha mazoezi, kile kisicho na dirisha, ili aone anavyokanyaga.

"Usitazame chini, mwanangu. Sakafu haitakukimbia."

Njiti akaanza. Ko, ko, ko. Mara umeme ukakatika, likawa giza totoro.

"Simama hapo hapo, nafuata tochi," mwalimu akasema, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Njiti akasimama, mpaka kifundo cha mguu kikamsaliti akayumba. Kabla hajaanguka, mikono miwili ya baridi ikamshika kiuno kutoka nyuma, ikamnyoosha.

"Ahsante, mwalimu."

Mikono ikamsukuma taratibu, naye akatembea. Ko, ko. Nyuma yake alisikia ngozi ikigusa sakafu polepole.

Mlango ukafunguliwa, mikono ikamwachia. Mwalimu alikuwa kizingitini, hajaingia bado, akimulika chini kwa tochi.

Alama za mchuchumio zilikuwa zimefuatwa, hatua kwa hatua, na nyayo za miguu mitupu. Zilikuwa za vidole tu. Visigino havikugusa chaki hata mara moja, kana kwamba bado vimekalia kiatu kile kirefu.