Vimondo Katika Redio ya Lori

Giza likianza kushuka Lemon Gaba, mtaa mmoja wa Juba, Namukasa huwasha taa ya sola iliyo juu ya mlango. Zamani taa hiyo ilileta vita nyumbani. Yeye akiiwasha, mumewe Opio alipiga kelele kutoka uani:

"Zima taa, mama! Wewe naharibu nyota zangu!"

Opio alikuwa dereva wa lori. Kwa miaka mingi alileta ndizi na vitunguu kutoka Uganda hadi Juba, akipitia mpaka wa Nimule. Akilala njiani, alipanda juu ya turubai la mzigo akatazama anga. Alizijua nyota kama alivyozijua kona za barabara. Akiwa nyumbani, alitandika mkeka uani akamwita mkewe na binti yao Cissy. Aliwaonyesha Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana. Aliwaonyesha zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Cissy alijua majina ya nyota kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Kisha macho ya Opio yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho. Ugonjwa huo huharibu mshipa wa jicho polepole, na kilichopotea hakirudi. Opio alipewa matone ya kutia kila siku ili alinde kidogo kilichobaki. Laiti angepimwa mapema! Sasa aliona mwanga tu, kama mtu aliyefunikwa gunia. Lori likauzwa. Redio yake peke yake ndiyo aliyokataa kuiuza.

Namukasa na Cissy wakaacha kabisa kutaja nyota. Hawakukubaliana kwa maneno. Kila mmoja aliogopa kumuumiza Baba. Mkeka ukakunjwa, taa ikawa inawashwa mapema, na jioni watu wakaingia ndani. Walidhani wanamhurumia. Kumbe walikuwa wanamfungia mlango.

Jioni moja ya Desemba, Opio alisema, "Mimi narudi kwetu Tororo."

"Kufanya nini?" aliuliza Namukasa.

"Kukaa. Hapa mimi iko kama gunia tu. Jumatatu niwekee kiti kwa basi."

"Na sisi?"

Opio aliinuka. Alipapasa ukuta, akaenda kulala. Begi lake la safari lilikuwa tayari limesimama mlangoni. Namukasa hakupata usingizi. Mwanamume anayerudi kijijini kukaa tu, bila kazi na bila hamu ya kitu chochote, hukaa hadi anazimika. Alikuwa amewaona watu wa namna hiyo.

Asubuhi alipanda raksha, ile bajaji ya magurudumu matatu, hadi kibanda chake cha chapati katika mtaa wa Hai Jalaba. Jirani yake wa biashara alikuwa Intisar, msichana Msomali aliyekulia Nairobi. Intisar alifanya kazi katika duka la mjomba wake la kutuma pesa. Siku hiyo alifika mbio kuchukua chapati, macho yanamng'aa.

"Mama Cissy, Jumapili usilale sana! Vimondo vinakuja, vingi hadi ushangae!"

"Vimondo ni nini?"

"Zile nyota watu husema zinaanguka. Lakini si nyota. Ni vijiwe tu, vingine vidogo kama punje ya mchele. Vinaingia hewani kwa kasi sana, vinawaka, vinaisha. Kila Desemba dunia yetu inapita mahali vilipojaa. Mimi na wenzangu tunavihesabu. Ni hobi yetu."

Namukasa aliinamia unga. Machozi yakaanza kudondoka kwenye unga wenyewe.

"Wuu! Nimesema nini, mama?" Intisar alishtuka.

Namukasa alimweleza yote: lori, mkeka, macho, begi. Intisar alisikiliza hadi mwisho. Kisha, badala ya kumpa pole, akacheka kwa furaha hadi Namukasa akataka kukasirika.

"Mama, nani aliwaambia nyota ni za macho peke yake? Leo baada ya kazi nitakuja kwenu. Niandalie chai, na usitie sukari ya Kiganda. Ile yenu inaua!"

Jioni Intisar aliketi mbele ya Opio. Opio alimsalimu vizuri, kisha akakunja mikono.

"Dada, asante kuja. Lakini hii maneno ya nyota iliisha. Nyota inataka macho. Na wenye macho inataka ile bomba kubwa ya wazungu."

"Darubini? Mimi sina ya bomba, Mzee," alisema Intisar. "Niko na hii ndogo ya macho mawili, ya kutazamia ndege. Inanionyesha mashimo ya mwezi vizuri sana. Ila kwa jua siielekezi hata siku moja, maana inaweza kunipofusha papo hapo. Lakini sikiza. Katika kundi letu kila mtu ana njia yake. Binamu yangu Faay yuko Garissa. Yeye huchora mwezi kwa penseli, basi. Kuna mwalimu mmoja anafuata nyota moja tu, mwaka mzima."

"Moja?" aliuliza Cissy.

"Moja! Kuna nyota zinazofifia halafu zinang'aa tena. Yeye anailinganisha na jirani zake, kisha anatuma habari kwa wataalamu. Wataalamu ni wachache na nyota ni nyingi, hawawezi kuzichunga zote. Mwingine hapendi hata kutoka nje. Analala kwa kochi na simu, anapanga picha za makundi ya nyota ya mbali sana walizopiga wanasayansi. Hii inafanana na kisahani, hii imejikunja kama konokono. Wengine wanapiga picha wenyewe. Wengine wanatengeneza darubini kwa mikono. Na wengine wanasikiliza."

Opio aligeuza kichwa.

"Nasikiliza nini?"

"Vimondo."

"Wewe nacheka mimi."

"Haki ya Mungu sikuchezei! Mzee, ukiwa hapa Juba, unaweza kushika stesheni ya FM ya Kampala?"

"Mafi, hakuna! Hiyo hapana." Sauti ya Opio ilikuwa imebadilika. Alikuwa amewekwa kwenye barabara yake. "FM ya Kampala, ukifika Luweero inaanza kukwaruza. Ukifika Karuma imekufa. Mawimbi yake inaenda moja kwa moja, na dunia iko mviringo, sasa inapita juu yako."

"Kabisa! Sasa kimondo kikiwaka huko juu, kinaacha mstari wa hewa iliyoungua. Kwa muda mfupi ule mstari unakuwa kama ukuta. Ukirusha mpira ukutani, unafanya nini?"

"Narudi chini," alisema Opio polepole. Kisha akasimama. "Narudi chini! Wimbi ya Kampala inagonga pale, inaangukia hapa!"

"Kidogo tu. Nusu sekunde, saa nyingine zaidi. Lakini tunahitaji namba ambayo Kampala iko na stesheni, na hapa Juba hakuna kitu."

Intisar alitaja namba moja aliyoifikiria. Opio alitikisa kichwa kama anafukuza nzi.

"Hiyo hapa Juba naimba kwaya siku yote. Wacha mimi nikuambie. Sisi madereva tukitoka nyumbani hatugusi namba. Naacha redio kwa stesheni ya nyumbani, inapiga shhh safari yote, kwenda na kurudi. Siku inaanza kuongea, najua nimekaribia mke wangu, maana wakati ule yeye naishi bado Kampala. Namba yangu hapa Juba ni shhh tupu. Miaka yote."

"Na redio iko wapi?"

Opio alielekeza kidole mlangoni. "Iko ndani ya begi."

Namukasa ndiye aliyelifungua begi. Redio ilikuwa imeviringishwa ndani ya koti la zamani la udereva. Mtu aliyekata tamaa kabisa hafungashi redio ya lori.

Siku iliyofuata walifanya kazi pamoja. Opio aliunga nyaya za redio na betri kwa vidole vyake mwenyewe, akimkemea Cissy kila alipotaka kusaidia. Intisar alikata waya wa antena, wakaufunga juu ya mwanzi, mbali na nyaya za umeme. Jumamosi Intisar akalala kwao, maana usiku haifai kutembea. Hawakuwa na haja ya kwenda popote. Anga la uani liliwatosha.

Saa kumi na moja alfajiri wote walikuwa mkekani. Cissy aliegemeza simu yake kwenye kikombe, kamera ikitazama juu, ili ipige picha za muda mrefu gizani. Intisar aliweka mkebe mtupu mapajani mwa Opio, na rundo la vizibo vya soda.

"Ukisikia kimoja, tupa kizibo kimoja. Hiyo ndiyo hesabu yako."

Opio aliwasha redio. Ilitoa mngurumo mzito, zzzzz, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Wakangoja. Kikapita kimondo, Cissy akapiga kelele. Redio ikasema zzzzz. Kikapita cha pili. Zzzzz tu.

Namukasa alimtazama mumewe. Je, kama haitakubali? Wamempa mtu tumaini, na kesho ni Jumatatu ya basi.

"Labda antena," alisema Intisar, sauti imepungua.

"Nyamazeni," alisema Opio. Aliinua kidole, akageuza sikio huku na huku. "Hii sauti hapana ya angani. Shhh yangu mimi najua. Hii ni kitu inakaa hapa nyumbani. Iko nini inawaka?"

Wakatazamana. Juu ya mlango, taa ya sola ilikuwa inang'aa. Kwa mazoea ya miezi yote ile, hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Hizi taa za sola zinaweza kusumbua redio!" Intisar alijipiga paji la uso. "Na tena zinaficha nyota! Nimekaa nayo hapa kama mjinga!"

Ndipo Opio akapaza sauti, ile sauti ya zamani, majirani wakaisikia:

"Zima taa, mama! Wewe naharibu nyota zangu!"

Namukasa alikimbia. Hakuwa amewahi kufurahia kukemewa hivyo. Alizima taa huku analia na kucheka. Giza likafunika ua, nyota zikaongezeka macho yalipozoea, na mngurumo ukakatika. Ikabaki shhh, laini, kama mvua ya mbali.

Wakangoja.

Juu ya paa la jirani mstari mweupe ukachanika. Na kutoka ndani ya redio, wazi kabisa, sauti ya mwanamke ikasema:

"—mwasuze mu—"

Ikazimika. Shhh.

Hiyo ni salamu ya Waganda ya asubuhi, mmelalaje. Mtangazaji wa Kampala alikuwa anaamsha watu wake. Salamu yake ilipanda angani, ikagonga mstari wa kijiwe kilichoungua, ikaanguka Lemon Gaba nusu yake.

"Tusuze bulungi!" Namukasa aliijibu redio, tumelala salama. Cissy akaangua kicheko. Opio alikuwa ameinua mikono yote miwili juu.

"Nimeshika! Namukasa, nimeshika kimondo!"

"Tupa kizibo, Mzee!" Intisar alipiga kelele.

Kizibo kikalia ndani ya mkebe. Mara kikalia kingine. Kipande cha muziki. Mlio mfupi, ping. Neno la mwanamume. Kila mara Opio aliruka kama amechomwa, na kila mara alicheka.

Mashariki ikaanza kuwa nyeupe. Nyota zikafifia. Jua likachomoza nyuma ya mabati ya jirani. Cissy akachukua simu yake na kuanza kukunja mkeka.

"Nyinyi naenda wapi?" aliuliza Opio.

"Kumekucha, Baba. Hakuna kinachoonekana tena."

Ping, ilisema redio. Kizibo kikalia.

Cissy alitazama juu. Anga lilikuwa la buluu, tupu. Namukasa naye akatazama, na Intisar akafuta hata miwani yake. Hawakuona kitu.

"Vimondo havijui kwamba jua limetoka," alisema Intisar. "Vinaendelea tu. Sisi ndio tumefungwa macho sasa. Mchana ni wa wanaosikiliza."

"Ngoja, kimoja tena!" alisema Opio. "Mama Cissy, umeona?"

"Sijaona, Baba Cissy. Wewe ndiye unatuonyesha."

Opio alikaa vile vile, mkebe mapajani, jua usoni. Namukasa aliona machozi yake, na hakujaribu kumfuta. Aliyaacha yateremke.

Intisar alihesabu vizibo, akaituma hesabu kwa kundi lake. Kabla chai haijachemka, majibu yalianza kuingia. Faay wa Garissa alisema anga lake lilikuwa na mawingu, hakuona hata kimoja. Mwalimu wa nyota moja aliandika kwamba kundi lilikuwa halijapata kamwe hesabu kutoka Juba. Aliuliza kama Mzee Opio ataweza kusikiliza kila mwezi, maana vimondo vichache hupita siku zote.

"Kila mwezi?" aliuliza Opio.

"Kila mwezi. Mahali pale pale, antena ile ile, ndiyo hesabu ziweze kulinganishwa. Ukihama, tunaanza upya," alisema Intisar.

Opio alikunywa chai yake yote. Kisha alisimama, akapapasa njia kuelekea chumbani. Mlangoni goti lake liligonga begi.

"Namukasa!"

"Nakusikia."

"Hii begi iko kwa njia. Kila siku nagonga mimi goti. Toa nguo, rudisha kwa sanduku. Lakini koti niachie." Aligeuka kuelekea uani, kulikokuwa na ile shhh. "Alfajiri hapa nje iko baridi."