Mto Niliomchagulia Mama

Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni, nyumba yetu huanza kunong'ona. Mimi huvua viatu, huzima redio ya jikoni, na mlango wa friji huusindikiza kwa mkono usije ukapiga kelele. Mama ni dereva wa tramu, ile treni ndogo ya mjini, tena wa zamu ya kwanza. Saa kumi alfajiri anapaswa kuwa kituoni, kwa hiyo saa moja jioni lazima awe kitandani, wakati majirani wako nje wanakula aiskrimu. Tuko wawili tu, yeye na mimi, Merle, mwenye miaka kumi na miwili. Kuulinda usingizi wa mama ndiyo kazi yangu kubwa, na nilikuwa nikijivunia kazi hiyo kupita kiasi.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa nikiutoa mto wake na kuulaza dirishani upate hewa, kama wanavyofanya watu wote wa mtaa wetu. Ulikuwa mto wa manyoya ya bata bukini, wa mraba, mpana kama meza ndogo. Mama aliurithi kwa bibi pamoja na foronya kumi na mbili za kitani nzito, kila moja imetariziwa herufi za jina la bibi. Majira ya baridi mto ule ni raha tupu. Mwezi wa Julai, katika ghorofa ya tano, moja kwa moja chini ya paa, ni adhabu.

Mwaka huo joto liliuvamia mji wetu wa Mannheim, huku Ujerumani, na kukataa kuondoka. Vigae vya paa vilichomwa na jua mchana kutwa, na jua lenyewe halikuzama hadi saa tatu na nusu usiku. Niliteremsha vifuniko vya madirisha. Nililowesha mataulo. Niliweka beseni la barafu mbele ya feni, barafu ikayeyuka hata kabla mama hajavua sare ya kazi. Kisha nikawa nakaa jikoni nikimsikia kupitia ukutani akijigeuza, akiupiga mto ngumi, akiupindua upande wa pili, akijigeuza tena. Hakupata hata lepe la usingizi. Nami nilikuwa nimekaa tu, mikono mapajani, sina la kufanya.

Alhamisi moja alirudi mchana uso umemshuka.

"Mama, kuna nini?"

"Nimepitiliza kituo cha hospitali," alisema. Alikuwa bado amesimama mlangoni. "Macho yalikuwa wazi, Merle, lakini mimi mwenyewe sikuwepo. Babu mmoja alikuwa pale na mkongojo wake, akainua mkono, nami nikaenda zangu."

"Wamekugombeza?"

"Bi. Strobel, msimamizi wetu, ameliandika kwenye ripoti. Amesema likijirudia ananitoa kwenye kiti cha dereva. Na siwezi kumlaumu. Leo babu wa watu alikuwa kando ya reli. Je, siku akiwa mbele ya tramu?"

Mama ameendesha tramu miaka kumi na minne. Anaijua kila kona ya mji huu, na hakuna kazi nyingine anayoitaka duniani. Sikuwahi kumwona akiogopa. Siku ile alimimina maji mpaka yakafurika mezani, na mimi nikaogopa kuliko yeye.

Siku ya pili aliniita. "Mwenzangu kazini ananiambia kuna mito ya baridi, tena unaweza kuipunguza au kuiongeza kimo. Duka la Bwana Imhoff linayo. Ila kesho Jumamosi anafunga saa nane, na mimi ndiyo kwanza natoka kazini. Nenda wewe. Atakuuliza maswali, umjibu vizuri."

"Hilo tu? Niachie mimi," nikasema.

Nilikwenda na Nilgün, mwanafunzi mwenzangu anayekaa ghorofa ya tatu. Njia nzima nilimweleza jinsi ninavyoendesha nyumba yetu, jinsi mama asivyoweza kitu bila mimi. Nilgün alisikiliza akitafuna zabibu.

"Kwa hiyo wewe ni mkuu wa usingizi," alisema.

"Cheka tu. Mama yangu namjua nje ndani."

Bwana Imhoff alikuwa mzee mrefu, tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Alitukaribisha kwa heshima kama watu wazima. Alipojua mto ni wa mama, akauliza, "Mama analala vipi? Chali, ubavu au kifudifudi?"

Ukweli ni kwamba sikujua. Mlango wake hufungwa saa moja, na alfajiri anapoondoka mimi niko ndotoni. Kazi yangu ilikuwa kulinda mlango, aliyeko ndani sikuwahi kumtazama.

"Jibu basi, mkuu," Nilgün akaninong'oneza, "au humjui?"

"Chali," nikasema, maana mimi ndivyo ninavyolala.

"Una hakika, binti?"

"Kabisa."

"Mabega yake mapana au membamba?"

"Ya kawaida."

"Godoro gumu au laini?"

"La kawaida."

Nilgün akacheka puani. Nikainua kidevu juu zaidi.

Bwana Imhoff alileta mto mwembamba, nusu ya ukubwa wa ule wa bibi. Upande mmoja ulikuwa na kitambaa laini ambacho ukikigusa unasikia ubaridi. Alifungua zipu ubavuni, ndani kumejaa vipande vidogo vya sponji. "Anayelala ubavu anahitaji mto wa juu, uzibe pengo lililopo kati ya sikio na bega," alieleza. "Anayelala chali anahitaji wa chini, la sivyo kichwa kitasukumwa mbele. Kwa kuwa mama analala chali, tunapunguza." Akachota vipande kwa mikono yake mikubwa, akatoa karibu nusu, akavitia katika mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. "Mfuko huu utunzeni. Mama akiona mto uko chini mno, arudishie kidogo kidogo."

Niliitikia "ndiyo" nyingi kuliko nilivyosikiliza. Nilipofika nyumbani niliutazama ule mfuko nikaona ni takataka. Kwetu kila taka ina mahali pake, na plastiki huenda kwenye mfuko wa njano. Nikaushindilia humo katikati ya vikopo vya mtindi, nikajiona mtu wa utaratibu. Kisha nikauvika mto mpya foronya ya bibi, maana kwetu mto haulali bila foronya ya bibi. Foronya ilikuwa kubwa mara mbili, kwa hiyo kilichozidi nikakikunja na kukiweka chini.

"Umenifaa, mwanangu," mama alisema jioni ile. Alinibusu kwenye paji la uso, akaenda kulala mapema kwa furaha. Nusu saa haikupita, nikamsikia akijigeuza.

Jumapili asubuhi nilimuuliza amelalaje. "Vizuri," alisema, huku ameishika shingo. "Mto mpya lazima uuzoee." Jumatatu aliporudi kutoka kazini hakuweza kugeuza kichwa upande wa kushoto. Alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kula.

"Unajua, Merle, nadhani tatizo si mto," alisema. "Nadhani ni mimi. Labda kazi hii imenishinda."

Maneno hayo yaliniingia mpaka ndani. Niliukumbuka mfuko wa sponji, nikakimbilia kona ya kuwekea taka. Mfuko wa njano haukuwepo. Jumatatu ndiyo siku ya gari la taka, na mama mwenyewe ndiye aliyeuteremsha alfajiri, ghorofa zote tano, usingizi umemjaa machoni na shingo imekaza.

Jioni ile nilifanya jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kwenda dukani. Nilisukuma mlango wake taratibu nikachungulia. Mwanga wa jua ulikuwa bado unapenya kwenye matundu ya vifuniko. Mama alikuwa amelala ubavu, magoti ameyakunja, na mkono wake mmoja ameusukumiza chini ya mto ili kuuinua. Nywele zilikuwa zimemganda shavuni kwa jasho. Alifumba macho kwa nguvu kama mtu anayejilazimisha. Ubavu, si chali. Ilitosha kuchungulia mara moja tu kulijua hilo.

Nilitamani kumwambia pale pale, lakini unamwamshaje mtu anayeutafuta usingizi kwa shida namna ile? Na nikimwambia, sponji nitaitoa wapi? Nilirudi jikoni nikalia huku nimeziba mdomo kwa taulo, nisimsumbue.

Jumanne walimu walituruhusu mapema kwa sababu ya joto. Wenzangu walikimbilia mtoni kuogelea, Nilgün akiniita nyuma yao, "Twende, mkuu!" Sikwenda. Nilikaa nyumbani kumsubiri mama. Saa nane na nusu aliingia, akaketi, akasema bila kunitazama: "Leo ningepitiliza tena. Abiria walipiga kelele ndiyo nikafunga breki. Ijumaa naitwa kwa Bi. Strobel."

"Mama, nilidanganya," nikasema.

Nilimwambia yote. Chali, mabega ya kawaida, godoro la kawaida, mfuko wa njano.

"Siku tatu," mama alisema. "Siku tatu najiambia nimechoka, nimezeeka, kazi imenishinda. Na wewe ulikuwa hapo hapo unanisikia. Ulimwogopa nani? Nilgün?"

"Niliogopa kuonekana sijui."

"Vaa viatu," alisema. Hakutabasamu.

Bwana Imhoff alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba kuuona mto tuliokuwa tumeuleta, akaivua foronya ya bibi, akaipima uzito kwa kiganja. "Loo! Mmeuvalisha koti la Desemba!" alisema. "Hata uwe na barafu ndani, ubaridi utapenya wapi hapa? Na hili kunjo la chini linainua upande mmoja tu. Mama, tafadhali jinyooshe pale kitandani. Viatu usijali."

Mama alijilaza ubavu na sare yake ya kazi. Bwana Imhoff alichomoa sponji katika mto wa maonyesho, akawa anaongeza konzi moja moja ndani ya mto wetu, kila mara akiinama kutazama kama shingo imenyooka sawa na mgongo. Juu yake alitandika foronya nyepesi ya pamba.

"Hapo je?"

"Kidogo tena."

"Na sasa?"

"Kidogo tu."

"Na sasa?"

Mama hakujibu. Tuliinama wote wawili kumtazama. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi kidogo, katikati ya duka, mchana kweupe.

Bwana Imhoff aliweka kidole mdomoni pake kunionya ninyamaze. Mteja aliyeingia kutafuta shuka alihudumiwa kwa minong'ono, akatoka kwa ncha za vidole. Nilipewa kigoda, nikakaa karibu na kichwa cha mama kwa saa nzima na nusu. Mkono wake ulikuwa umelegea juu ya godoro, haukushikilia kitu. Nilimtazama sana, kwa aibu na kwa furaha.

Joto halikupungua wiki ile, wala paa halikupoa. Hata hivyo usiku wa Jumanne, wa Jumatano na wa Alhamisi sikusikia kupitia ukutani mto ukipigwa ngumi. Ijumaa nilirudi kutoka shuleni nikasimama dirishani kumsubiri. Kulala siku tatu kungefuta yale yaliyoandikwa? Sikuwa na namna ya kumsaidia. Alitokea kwenye kona akitembea polepole, na usoni sikuweza kusoma chochote.

"Wamekutoa?" nikamuuliza kabla hajafunga mlango.

"Keti kwanza." Alivua viatu, akajinyoosha kitini. "Bi. Strobel ameniuliza, 'Tatizo limekwisha?' Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie limekwisha kabisa. Halafu nikakukumbuka wewe na huo uchali wako. Nikamwambia, 'Sijui bado. Nimelala vizuri siku tatu tu.'"

"Mama! Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo. Akanitazama weee, mpaka nikadhani nimejimaliza. Kisha akasema dereva anayesema hajui anaweza kufanya naye kazi. Amenipa zamu ya mchana kwa mwezi mmoja, na kila Ijumaa nikamweleze nimelalaje. Bado niko kwenye kiti changu."

Nilitaka kuruka, lakini mama alinishika mkono, akanivuta karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Kutojua si aibu. Mimi ni mama yako na yako mengi siyajui. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema 'sijui', kisha nenda ukatazame au ukaulize. Ukilijaza pengo hilo kwa uongo, hata uongo mdogo wa kuona haya mbele ya rafiki, ujue kuna mtu atakuja kuulalia."

Nilitaka kumjibu kwamba nimeelewa. Lakini kwanza nilimwambia "nisamehe", kwa sababu tangu Jumanne nilikuwa nimeeleza kila kitu isipokuwa neno hilo.