Mwanga Juu ya Kaburi la Chinatsu

Fundi wa kamera, Hirano, alikutwa amelalia meza yake ya kazi, kisogo kimepasuliwa kwa mguu wa stendi ya kamera. Ilikuwa saa tano asubuhi. Mtaa mzima, hapo mjini Kanazawa, ulikuwa makaburini kwa ajili ya Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu. Nani angesikia kitu?

Inspekta Sakuma alitazama rafu. Kamera za thamani zilikuwa pale pale. Mwizi gani huyu!

Mezani ilikuwepo moja iliyofunguliwa: kamera ya filamu, ile ya kulinganisha taswira mbili kwenye kidirisha ili kupata umbali. Ndani imepakwa rangi nyeusi, bado mbichi, na rangi hiyo imekwanguliwa kwa kucha.

"Pole sana, mama," alimwambia mjane. "Mzee alikuwa anatengeneza nini hapa?"

"Doa, Afande." Bi Hirano alimpa picha sita za kaburi moja. Katikati ya kila picha palikuwa na mwanga mweupe wa mviringo. "Filamu iliyokuwemo aliisafisha, akaliona. Akatoa lenzi, akamulika tochi kwa mbele, akachungulia kwa nyuma. Rangi ya ndani imechubuka, chuma kinang'aa. Jua likiingia, kinalirudisha kwenye filamu. Leo asubuhi akapaka."

"Kamera ya nani?"

"Simjui. Mimi niliondoka mapema."

Sakuma aliinama tena juu ya kamera. Mtu kaua, kaacha mali yote, halafu kakaa kukwangua rangi. Alitaka doa lirudi! Akasoma jiwe la pichani: ukoo wa Tokuda. Pembeni, Chinatsu, miaka sita.

Baba wa Chinatsu, Tokuda, alikuwa mwalimu wa hesabu. Sakuma alimkuta nyumbani kwake mchana ule ule.

"Fundi ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita."

"Leo je?"

"Nilikuwa makaburini, kwa binti yangu."

"Nionyeshe mikono."

"Ya nini?"

"Mikono, Mwalimu."

Kucha mbili zilikuwa na weusi.

"Wino huo."

"Maabara watatuambia." Sakuma akapanga picha mezani, akagusa ule mwanga. "Na huyu ni nani?"

Tokuda aliivuta picha moja karibu. "Unamjua."

"Nitajie wewe."

"Mwanangu! Tangu afe, kila nikipiga picha kaburini asubuhi, anatokea. Mama yake anaongea naye pichani."

"Sasa kamera uliipeleka ya nini?"

"Shata ilikuwa inakwama, haifunguki kupiga picha. Shata tu! Sikumwomba kingine."

"Naye akafanyaje?"

"Akanimulikia tochi, nione. 'Mwalimu, na lile doa nimekuondolea, bure.' Anatabasamu, Afande! Kamfuta mwanangu, ananitabasamia. Nikaiona ile stendi..." Alijifunika uso, akalia kwa sauti.

Sakuma alimsogezea leso. Naye alikuwa na binti nyumbani.

"Afande," Tokuda alinong'ona, "rangi yote ikikwanguliwa, atarudi?"

"Doa litarudi, Mwalimu."

Tokuda aliitazama picha ya mwisho. Kisha akaigeuza kifudifudi, akanyoosha mikono afungwe pingu.