Mizunguko Isiyoogelewa

Kila alasiri baada ya masomo, Pomboo alikuwa wa kwanza kujitosa bwawani. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya kasi yake. Kocha, mwanamke mwenye sauti ya chini na macho makali, aliyagawa mazoezi sehemu mbili. Kwanza waliogelea mizunguko mingi bila kusimama, ili kujenga pumzi ya kuvuka ziwa mwishoni mwa muhula. Kisha zilifuata mbio fupifupi, ili kujenga kasi. Katika mizunguko mirefu, kila mmoja alijihesabia na kumtajia Kocha alipomaliza.

Mbio fupi Pomboo alizipenda mno. Mizunguko mirefu ilimchosha roho. Kwa hiyo alipofika upande wa mbali, penye kivuli cha jukwaa, alishika ukuta na kujibanza huku wenzake wakienda na kurudi. Kisha alijiunga nao kana kwamba hajasimama.

"Nimemaliza, Kocha," alisema, akihema kwa makusudi.

"Una mapafu ya tembo," binamu yake alimtania. "Au ukuta ule una kiti?"

"Wivu tu huo. Ogelea, kobe wewe."

Siku ya kuvuka ziwa, mawingu mazito yalikuwa yametanda. Maji yalikuwa meusi, na ng'ambo ilionekana kama mstari mwembamba. Pomboo alitafuta kwa macho mahali pa kushika. Hapakuwa na ukuta.

"Mashua ni moja," Kocha alisema. "Itakaa na wenye pumzi fupi. Pomboo, wewe utatangulia. Hukukosa mzunguko hata mmoja, kwa hiyo sina wasiwasi nawe."

Upepo ulivuma, na boya la mbali likazama nusu, likaibuka, likazama tena.

"Mwambie," binamu yake alimnong'oneza.

"Nimwambie nini?"

"Unajua. Kule bwawani nilicheka. Hapa sicheki."

Wimbi dogo lililamba vidole vya miguu yake. Lilikuwa baridi kama chuma. Pomboo aliwatazama wenzake, akayatazama maji.

"Kocha," alisema. "Ile mizunguko, mingi sikuiogelea. Nilikuwa nashika ukuta."

Kocha alimwashiria mwenye mashua asogee. Hakuna aliyecheka.

"Basi utaogelea ubavuni mwa mashua," Kocha alisema.

Katikati ya ziwa, mikono ya Pomboo iliishiwa nguvu ghafla. Miguu ikawa mizito. Alijaribu kuita, akameza maji. Alinyoosha mkono, na vidole vyake vikagusa ubao. Mwenye mashua alimdaka kifundo cha mkono, akampandisha. Pomboo aligeuka kutazama mbele, kule alikopangiwa kuogelea peke yake. Maji yalikuwa matupu.

Walipofika ng'ambo, Kocha alimfunika taulo. Binamu yake, aliyevuka ziwa lote, alikaa kando yake akitetemeka.

"Kobe amefika," alisema taratibu. Pomboo alitabasamu kidogo, kisha akalia.

"Mwanangu," Kocha alisema, "mizunguko ile haikuwa adhabu. Pumzi hujengwa kidogo kidogo, na hakuna njia ya mkato. Tena mimi huipanga mashua kwa kuamini mnayonitajia. Uongo wako ulikuwa umeshaipeleka mbali nawe. Ukweli wako ndio ulioirudisha."

"Nimeelewa, Kocha."

"Vizuri. Kesho utaanza na mizunguko michache. Nitajie ile tu utakayoogelea."