Hewa ya Wodi ya Surua

Mtungi wa oksijeni haukuwapo.

Pale uliposimama jana, kando ya kitanda cha Mapenzi, lilibaki duara la kutu sakafuni. Ulikuwa mtungi wa mwisho katika hospitali nzima. Mapenzi, binti wa miaka minne, surua ilikuwa imemshukia mapafuni, naye alikuwa akivuta pumzi kwa shingo, kwa mabega, kwa kila alichokuwa nacho. Mama yake, Nasiba, muuza vitenge, alimshikilia wima kifuani na kumnong'oneza aya za Kurani bila kupumzika.

Inspekta Aruna Jumaine alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa huruma. Hospitali hakuzipenda hata kidogo.

"Atavumilia mpaka lini?" alimuuliza muuguzi kwa sauti ya chini.

"Bila hewa? Kesho hapana fika, Inspecteur."

Muuguzi huyo aliitwa Sikuli. Madaktari wa Kizungu walikuwa wameondoka baada ya uhuru, na daktari Mkongomani aliyewarithi alikimbia mwaka uliopita, 1964, waasi wa Simba walipoingia Butembo. Simba walishafukuzwa, lakini daktari hakurudi. Kwa hiyo Sikuli alikuwa ndiye daktari, ndiye mtunza dawa, na paa likivuja ndiye fundi.

"Umeibwa saa ngapi?"

"Alfajiri. Mutoto alikuwa amepata nafuu, nikafunga hewa ili isiishe bure. Mama Nasiba akaenda kutafuta maji ya moto. Kurudi, chupa haiko."

"Na kile kichwa chake, chenye saa?"

Sikuli aligusa mfuko wa koti lake. "Manometa? Iko hapa. Naifunguaka kila mara. Basoda ba jeshi balisha kutuibia moja."

"Mpira wa puani?"

"Wamebeba."

Aruna alikuna kidevu. Komiseri wake alikuwa amekwisha kuamua kesi akiwa bado anakunywa chai: mafundi wa kuchomelea vyuma, kule Mususa, ndio wezi. Barabara ya Beni ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kama mlango wa baa, oksijeni haikupatikana, na bila oksijeni fundi hachomelei chochote. Nenda ukawakamate, alisema.

Lakini fundi wa malori angefanyia nini mpira wa puani? Na mwizi aliyebeba mtungi bila manometa asingeweza kuufungua salama. Aruna aliona jambo moja, na halikumfurahisha: mahali fulani mjini kulikuwa na mgonjwa mwingine aliyefichwa, na surua yake imefichwa pamoja naye.

Alianza na mlinzi wa lango, mzee Kamate.

"Nani alipita hapa na mtungi?"

"Hapana mutu."

"Gari?"

"Hapana."

"Ulilala?"

"Inspecteur! Mimi kulala? Na hii baridi ya Butembo?"

Kisha akamwendea Kaswera, mfanyakazi wa usafi wa wodi. Alikuwa mama mwembamba, kitambaa kichwani, mikono imezama mpaka viwikoni katika pipa la maji ya dawa ya kreolini, akifua mashuka ya wagonjwa. Aruna aliuliza swali alilokuwa akiwauliza wafanyakazi wote.

"Mama, uko na batoto?"

"Niko na mumoja tu."

"Anaitwa nani?"

"Kakule."

"Iko wapi?"

"Kwa mukaka, bibi yake, Lubero."

"Muzima?"

"Muzima." Mikono yake haikuacha kufua.

Aruna alishukuru, akapanda gari lake na kushuka Mususa, kwa mafundi, watu wengine pekee mjini wenye manometa.

Karakana ya Zorobabel ilikuwa bati nne juu ya nguzo za mikaratusi, na chini yake lori lililovunjika mgongo. Fundi mwenyewe alikuwa ameketi juu ya tairi, anakula muhindi wa kuchoma.

"Hufanyi kazi leo?"

"Napumuzika kidogo, chef."

"Lori la watu limekufa, wewe unapumzika." Aruna aliinama na kuokota mpira wa hewa uliolala mavumbini. Ncha yake ilikuwa wazi. "Manometa yako iko wapi?"

Zorobabel alitafuna polepole sana.

"Imeharibika."

"Nionyeshe iliyoharibika."

"Iko… lakini, chef, mi natafuta tu mkate yangu."

"Zorobabel, kuna mtoto wa miaka minne anakata roho. Sikuulizi habari za mkate."

Fundi aliuweka muhindi chini.

"Nilimuazima mutu. Jana jioni. Mama moja. Jina lake hapana jua, haki ya Mungu. Alinuka dawa ya hospitali. Alipiga magoti hapa mu mafuta, na kitenge yake yote. Nikamuonyesha namna ya kufunga na kufungua."

"Alisema ni ya nini?"

"Alisema tu, batatu balisha kwenda. Huyu wa ine, hapana achilia."

Aruna alirudi garini. Alipofika katikati ya mlima alikanyaga breki ghafla, hata mama mmoja aliyebeba kabichi akamtukana kwa Kinande. Alistahili. Alijipiga kofi la paji la uso.

Mtu aliyekulia Beni! Mtu aliyecheza mpira utoto wake wote na watoto wa Kinande! Wanande humpa mtoto wa kiume jina kwa zamu ya kuzaliwa. Wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Majina haya mtu huyasikia sokoni, kanisani, kwenye malori, mpaka hayahesabu tena. Huwa majina tu. Mama alikuwa amemwambia usoni kwamba ana mtoto mmoja tu, na kwamba mtoto huyo ni wa nne. Naye inspekta mzima aliitikia "asante" na kuondoka.

Langoni hakushuka hata garini.

"Kamate! Nimekuuliza nani alipita na mtungi. Sasa nakuuliza, Kaswera alipita na nini?"

"Yule? Na mashuka tu. Mu ile brouette yake ya kusukuma, kama kila siku."

"Uliyaangalia?"

"Mashuka ya surua?" Mzee alirudi nyuma hatua moja kwa wazo lenyewe. "Mimi niko na bajukuu, Inspecteur."

Kaswera hakuwapo tena kwenye pipa. Alikuwa ameaga kwamba anaumwa kichwa.

Nyumba yake ilikuwa Bulengera, ya udongo, nyuma ya migomba. Aruna hakubisha hodi kwa kishindo cha polisi. Alibisha kama jirani. Ndani alisikia sauti ndogo ya hewa inayotoka, kama sufuria inayokaribia kuchemka.

Mtungi ulilala kitandani, umefunikwa blanketi hadi shingoni. Kando yake alilala mtoto wa kiume, labda wa miaka miwili, uso wote vipele, mpira puani. Kaswera aliketi kati ya hao wawili, mkono mmoja kwenye kifua cha mwanawe, mwingine kwenye manometa.

"Niliwaza utafika kesho," alisema.

"Ni wewe uliuchukua?"

"Ni mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Zorobabel hapana jua. Musimufunge."

Aruna aliketi kwenye kigoda, kikalia kwa uzito wake. Alivua kofia.

"Nieleze, mama."

"Mambo ya kueleza ni kidogo." Sauti yake haikutetemeka, pengine alikuwa amekwisha kuitumia yote. "Ile mwaka ya Simba, surua iliingia. Paluku alishikwa, halafu Kambale, halafu Kasereka. Nilibapeleka bote mu ile wodi. Chupa za hewa zilikuwa pale, zimesimama muzuri, lakini tupu. Hapana mutu wa kuzijaza, hapana barabara, hapana munganga. Bote batatu balitoka pale mu mukeka. Huyu alikuwa bado ananyonya."

"Na bado ulienda kutafuta kazi palepale?"

"Nilienda sababu ya hiyo. Nilijisemea, siku ile hewa itarudi, niwe karibu, nione inafanyaka aje. Nikaona Sikuli anafungua, anafunga. Nikajifunza. Juzi huyu akashikwa."

"Sikuli angempokea. Kwa nini hukumleta?"

"Mu ule mulango?" Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Inspecteur, ule mulango umekula batatu. Nimupeleke wa ine kwa mikono yangu mwenyewe?"

Aruna aliigeuza kofia magotini. Alikuwa na watoto wanane nyumbani, wote wazima, wote wakorofi, na asubuhi ile alikuwa amewafokea kwa sababu ya kiatu.

"Na Mapenzi?"

Kaswera aliinamisha kichwa.

"Jana alikunywa uji. Nilimunawisha mimi. Nilisema, huyu ameisha kupona, hewa atafanyia nini?"

"Hajapona. Anakufa."

Hapo ndipo alipolia, bila sauti, mkono wake ukiwa bado juu ya manometa.

"Mama," alisema Aruna, "kuutoa huo mpira puani mwa mwanao, siwezi. Kuuacha hapa pia siwezi. Twende vyote, mtoto na mtungi."

"Mimi hapana pita naye pale."

"Wewe hutapita naye. Nitambeba mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Inspekta wa polisi, na kitambi chake na bastola yake, alivuka mlango wa wodi ya surua amembeba Kakule begani, na Kaswera nyuma yake akivuta pumzi kama mtu anayeingia majini.

Nasiba aliinua macho. Aliuona mtungi, kisha mtoto, kisha aliyefuata nyuma. Alielewa kila kitu kabla mtu hajasema neno.

"Ni wewe?" alisema. "Wewe unamunawishaka mutoto yangu kila asubuhi?"

Kaswera alipiga magoti. Hakuomba msamaha, hakujua aanzie wapi.

Sikuli alikwisha kufunga manometa yake. Alisoma mshale, akasonya. "Kwa mumoja, itafika kesho. Kwa babili, hata jioni hapana."

Mapenzi aliguna kifuani mwa mama yake. Kakule aliguna begani mwa inspekta. Nasiba aliwatazama wote wawili. Kisha akasogea ukutani na binti yake, nusu ya kitanda ikabaki wazi.

"Mulaze," alisema.

Sikuli alichukua stetoskopu yake, ya pekee, akaikata kwa wembe. Pale mpira unapogawanyika njia mbili kuelekea masikioni, ndipo alipogawanya hewa.

Lakini mshale ulikuwa ukishuka, na Aruna alikwisha kutoka mbio. Lori la Zorobabel lilikuwa limerudi akilini mwake. Fundi yule alikuwa amesimamisha kazi kwa kukosa manometa, si kwa kukosa hewa.

"Zorobabel! Uko na oksijeni?"

"Niko nayo mbili. Zimejaa. Zilipitia mupaka wa Kasindi kutoka Kampala."

"Kwa nini hukusema?"

"Mama aliniomba manometa. Hapana niomba hewa. Nilijua hospitali iko na yake."

Walirudi pamoja, mitungi ikigongana nyuma ya gari. Sikuli aliifungua kidogo, akanusa, akaipuliza nje, akasema itafaa. Mchana uligeuka jioni. Mbavu za Mapenzi zililegea kwanza, kisha za Kakule.

Ndipo Zorobabel, akifuta mikono, akafurahi kupita kiasi.

"Kumbe munatumiaka hii hii! Mungeniambia zamani. Hata ile mwaka ya Simba nilikuwa nazo tano. Nilizizika nyuma ya karakana, Simba bazipate bure ya nini?"

Sikuli aliacha alichokuwa akifanya.

"Tano? Ile mwaka? Kwa nini hukutuletea?"

"Mulikuja kuniuliza?"

Mususa ilikuwa mwendo wa miguu tu kutoka pale. Hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuteremka kuuliza, na hakuna fundi aliyewahi kupanda kusema.

Kaswera alikuwa amesikia. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akitaja majina matatu kwa sauti ambayo hakuna aliyeweza kuizuia. Baadaye alisimama, akamnyooshea Aruna mikono miwili, viganja juu.

"Sasa unifunge. Tuende."

Aruna alikuwa na pingu mfukoni, na komiseri aliyengoja mwizi. Aligeuka kwa Nasiba, kwa sababu aliyeibiwa hasa alikuwa yeye.

Nasiba alikuwa ameshikilia mipira miwili kwenye nyuso mbili tangu mchana. Hakumtazama inspekta.

"Mama Paluku," alimwita Kaswera, kwa jina la yule wa kwanza, ambalo tangu mwaka ule hakuna aliyethubutu kumwita. "Njoo ushike hapa. Mukono yangu imechoka."