Mgawanyo wa Ishirini na Tano

Kila asubuhi kabla ya kengele, Hamdi na Kadzo walifagia darasa la saba huku wakiulizana maswali ya hesabu. Shuleni kwao, pale Garsen, hakuna aliyewafikia. Lakini muhula ule wa mwaka 1998 Hamdi alifagia kimya. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamezoa malisho, na homa ikamalizia mifugo. Kati ya ng'ombe arubaini wa baba yake, mzee Dida, walibaki watatu. Baba alikwisha kata shauri: wangehama kutafuta malisho, na masomo ya Hamdi yangeishia hapo.

Tumaini lilikuwa moja tu. Mfadhili alijitolea kumpeleka mwanafunzi mmoja shule ya bweni, na Hamdi na Kadzo walikuwa wamefungana kwa alama. Mwalimu Mwanaarusi, mama wa Kipini asiyefanya mzaha na namba, akaandika ubaoni namba ya kuamua kati yao: 9991.

"Je, hii ni namba tasa, isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe? Igawanyeni kwa kila namba tasa, kuanzia mbili hadi tisini na saba. Ziko ishirini na tano. Msiende mbele zaidi, maana mia mara mia tayari inaizidi. Nataka kuona kazi yote."

Hamdi aliinama. Kwa mbili, baki moja. Kwa tatu, baki moja. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana, na tarakimu zilianza kumchezea machoni. Alipofika themanini na tisa, bado baki. Migawanyo ishirini na minne, na namba haijavunjika! Akajiambia, "Hii ni tasa tu." Akaandika kwamba amegawanya kwa tisini na saba pia, akabuni baki: nne. Kisha akapeleka karatasi, wa kwanza.

Kadzo alichelewa sana. Jibu lake lilikuwa fupi: 97 mara 103 ni 9991. Si tasa.

Nafasi ya bweni ikawa ya Kadzo. Nyumbani Hamdi alikuta mama yake anafunga mizigo.

Kulipokucha alimwendea mwalimu. "Mwalimu, ile baki ya mwisho sikuipata. Niliibuni."

"Najua," Mwalimu Mwanaarusi alisema taratibu. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

"Nipe nafasi nyingine, Mwalimu."

"Ile imekwenda, mwanangu. Siwezi kumnyang'anya Kadzo." Akamwandikia 9973. "Lakini fanya hii."

Hamdi aligawanya mara ishirini na tano, machozi yakilowesha karatasi. Kila mara palikuwa na baki. Hii ilikuwa tasa kweli.

Jioni ile mwalimu alifuatana naye hadi kwa mzee Dida. Walizungumza kwa muda mrefu. Mwishowe mzee akasema kwa sauti iliyochoka, "Basi abaki kwa shangazi yake hapa Garsen amalize la nane. Zaidi ya hapo sina ahadi."

Jumatatu Kadzo alikwenda bweni, na wazazi wa Hamdi wakaondoka na ng'ombe wao watatu. Hamdi alisimama mlangoni mwa darasa, amekumbatia ufagio, hana wa kumuuliza swali.

Mwalimu Mwanaarusi akamshika bega. "Kuchoka si kosa, Hamdi. Ungeniandikia kuwa umeishia themanini na tisa, ningejua ulipofika, na wewe ungejua kilichobaki. Uliponidanganya mimi, ulijifungia mwenyewe njia ya kulipata jibu."