Viota Kumi na Tisa vya Kisiwani

Kila asubuhi Thea Halvorsen alimpeleka mdogo wake Nils shuleni kwa njia inayopita kandokando ya Ziwa Tamarack, na kila asubuhi safari hiyo ilikuwa ya kurukaruka. Njia nzima ilikuwa imetapakaa kinyesi cha mabata bukini. Nils, aliyekuwa na umri wa miaka sita, aliruka huku akihesabu, na akikanyaga ilimbidi aanze upya. Mara nyingi walifika shuleni kabla hajapita ishirini.

Mabata wenyewe walijaa kwenye nyasi, shingo nyeusi na mashavu meupe, wakimtazama kila mpita njia kana kwamba yeye ndiye mgeni. Thea aliwapenda. Wendell Pruitt, aliyesoma naye darasa la sita, alikuwa amempa jina la Mama Bata. "Mama Bata, wafunge wanao nepi," alimwambia huku akifuta viatu mlangoni, na darasa zima likacheka. Thea naye alicheka.

Watu wazima wa mji wao mdogo, huko Minnesota, walikuwa wameacha kucheka. Majira ya joto yaliyopita ufuko wa kuogelea ulifungwa mara nne kwa sababu maji yalikutwa na vijidudu. Nils mwenyewe aliharisha siku tano mpaka akalazwa. Daktari hakusema kwamba ni mabata. Alisema tu kwamba mtoto asimeze tena maji ya ziwa lile. Wajumbe wa baraza la mji wakagawanyika. Wengine walitaka mabata wakamatwe mwezi Juni, wakati manyoya ya mbawa yanapopukutika na hawawezi kuruka, kisha wauawe na nyama yao wapewe wasio na chakula. Wengine walisema huo ni ukatili.

Bwana Radtke, msimamizi wa bustani za mji, alileta njia ya tatu. Mayai yangepakwa mafuta ya mahindi mapema, kabla kifaranga hajaanza kuumbika. Yai lililopakwa mafuta halipati hewa, kwa hiyo halianguliwi, na mama huendelea kulilalia bila kutaga mengine. Walihitajika watu wa kujitolea kuyatafuta na kuyapaka mayai ya kila kiota.

Bibi Solveig, bibi yake Thea, alijiandikisha siku ya kwanza. Alikuwa muuguzi wa shule kwa miaka thelathini, na nusu ya mji ilikuwa imechomwa sindano kwa mkono wake. Siku hizi nyonga ilimsumbua, hivyo alimchukua Thea awe miguu yake.

Walipewa kisiwa kilichoko katikati ya ziwa, mahali penye viota vingi kuliko popote. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, barafu imeyeyuka siku chache tu zilizopita. Bibi alibaki mtumbwini akipigapiga kasia majini ili madume wamfuate yeye, na Thea akapanda mawe akiwa na glavu na chupa ya mafuta.

Katika kiota cha kwanza kulikuwa na mayai matano. Thea alichukua moja. Lilikuwa na joto, joto la kikombe cha chai ambacho mtu amekisahau mezani kidogo. Hatua mbili kutoka pale bata mama alisimama, shingo ameinamisha, akitoa mlio kama wa mvuke. Hakukimbia. Thea alilirudisha yai mahali pake, akalifunika kwa manyoya laini.

"Mangapi?" Bibi aliuliza kutoka chini.

"Matano."

"Umepaka yote?"

"Nimepaka, Bibi."

Uongo ule wa kwanza ulitoka bila taabu. Baada ya hapo hakuyagusa mayai tena, aliyahesabu tu. Viota vilikuwa kumi na tisa, na mayai yalizidi tisini. Kabla ya kushuka alimimina mafuta yote kwenye mawe ili chupa irudi tupu. Bibi aliandika kila kitu kwenye fomu, akatia sahihi.

Juni ilipofika, vifaranga wa rangi ya manjano walishuka ufukoni kwa makundi. Bwana Radtke alisimama majini na buti zake, fomu mkononi, akihesabu na kurudia kuhesabu. Alimwambia Bibi kwamba haelewi. Gazeti la mji halikusita. Liliandika kwamba mafuta yameshindwa. Wajumbe waliokuwa wakipinga mauaji hawakuwa na la kusema tena. Ilitangazwa kwamba kikosi kutoka nje kingefika wiki ya mwisho ya mwezi kuwakamata mabata wote, wakubwa kwa wadogo, zaidi ya mia tatu. Lakini kwanza baraza lingekutana kupiga kura ya mwisho.

Thea alisoma habari ile mara mbili. Alikuwa ameyahurumia mayai tisini, na sasa mabata wote, pamoja na wale walioanguliwa kwa sababu yake, walikuwa wanakwenda kufa.

Shuleni hata Wendell aliacha utani. "Nasikia wanawatia kwenye masanduku ya gesi," alisema polepole. "Si nyinyi mlipaka mayai ya kule kisiwani? Ilikuwaje?"

Thea alimwambia amwache. Jioni ya siku ya mkutano alimkuta Bibi jikoni akikausha sahani, akamweleza yote, kuanzia yai la kwanza hadi mafuta yaliyomwagwa.

Bibi aliendelea kukausha sahani ileile. "Fomu ile ina jina langu," alisema.

"Najua, Bibi."

"Miaka thelathini nimewachoma watoto wa mji huu. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza kama kweli nimemchoma mwanawe." Aliweka sahani kabatini. "Vaa viatu. Mkutano unaanza saa moja."

"Wewe ndiye uwaambie, Bibi. Tafadhali."

"Nitasimama karibu nawe. Kusema utasema mwenyewe."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Thea alipoitwa kwenye kipaza sauti, alisema kwa haraka ili asipate nafasi ya kunyamaza. Alisema mayai ya kisiwani hayakupakwa. Alisema Bibi hakujua. Minong'ono ikapanda, na mzee mmoja wa safu ya mbele akasema kwa sauti kwamba mji mzima umegombana mwezi mzima kwa ajili ya mtoto mmoja muongo. Baadhi walicheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

Meya, mama mwenye nywele fupi, alinyamazisha watu akamuuliza kwa nini alifanya hivyo.

"Lilikuwa na joto," Thea alisema. "Nilidhani nikisema nimepaka, nitakuwa nimewaokoa. Sasa mnataka kuwaua wote, na mnafanya hivyo kwa sababu ya nambari zangu."

Bwana Radtke akaombwa aeleze. Alipekua karatasi zake akiwa amesimama. Ukikiondoa kisiwa, alisema, kwenye viota hamsini na viwili vya ukingoni vilivyopakwa, vilivyoangua ni vitatu tu. Njia ilikuwa inafanya kazi.

Kura zilipigwa, nne kwa tatu. Mauaji yaliahirishwa mwaka mmoja, ili mayai yapakwe tena, safari hii sawasawa. Lakini ufuko ungebaki umefungwa majira yote ya joto, na kando ya maji yangepandwa majani marefu, kwa kuwa mabata hawapendi kupita mahali wasipoona mbele.

Nils alilia aliposikia hakuna kuogelea. Wendell ndiye aliyeumia zaidi, maana baba yake ndiye aliyefundisha watoto kuogelea pale ufukoni, na sasa hakuwa na wanafunzi. Thea alimfuata nyumbani kwao kuomba msamaha. Wendell alimsikiliza akiwa ameegemea mlango.

"Nimekasirika bado," alisema. "Ila kesho mimi na baba tunapanda majani ziwani. Njoo na koleo lako."

Alikwenda, siku hiyo na nyingine nyingi.

Aprili ilirudi. Bwana Radtke alimkuta Thea na Bibi gatini, akawaambia kwamba safari hii atapanda kisiwani yeye mwenyewe kama Thea hataki.

Thea alitaka kujua jambo moja kwanza. "Kupaka yai si kuua pia?"

Bwana Radtke alikuwa mtu wa shamba, aliyewahi kuchinja kuku na kuwinda kulungu, na hakuwa na mazoea ya kuwabembeleza watoto kwa maneno.

"Ni kuzuia uhai usianze," alisema. "Sitakuambia ni kitu kidogo. Mimi naona ni afadhali kuliko kuwakamata waliokwisha kuzaliwa, lakini kuna watu wema wasiokubali, na wana haki. Mwaka jana ungeniletea chupa imejaa ukaniambia huwezi, nisingekulaumu hata kidogo. Ningemtafuta mtu mwingine, na wewe ungekwenda kulisema lako mbele ya baraza. Ulichokosea si huruma, Thea. Ulikosea ulipoificha ndani ya nambari za uongo, watu wakazitumia kuamua nani aishi nani afe. Ukimhurumia kiumbe, sema wazi, hata wakikucheka. Huruma ya kujificha karibu imuue yule unayemhurumia."

Thea aliichukua chupa ya mafuta. Kisha akavaa glavu.

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Kwenye kiota cha tatu alilia, akafuta uso kwa mkono wa koti, akaendelea. Yai moja moja aliligeuza, akalipaka, akalirudisha.

Juni ile ziwa zima lilikuwa na vifaranga kumi na mmoja. Mabata wakubwa, wakichukizwa na majani marefu, walihamia upande wa msituni. Maji yalipimwa, ufuko ukafunguliwa, na baraza likaliondoa suala la mauaji kwenye ajenda zake.

Jumapili moja Nils alitoka majini akitetemeka, akajikunyata ndani ya taulo kati ya Thea na Bibi. Mbali kidogo jozi ya mabata ilipita na kifaranga mmoja tu nyuma yao.

"Wengine wako wapi?" Nils aliuliza.

Thea angeweza kusema wamebaki nyuma. "Hawakuzaliwa," alisema. "Mimi ndiye niliyepaka mayai yao mafuta."

Nils alifikiri. "Uliona vibaya?"

"Ndiyo. Bado naona vibaya."

Bibi alimvuta Thea karibu, akamfunika kwa ncha ya taulo pamoja na mdogo wake. "Usipoteze kuona vibaya huko," alisema. "Mtu anayefanya kazi kama hiyo akiwa nako, na akasema kweli alichofanya, huyo nitatia sahihi chini ya maneno yake siku yoyote."